Mshika Makali

Alhamisi, saa moja jioni. Łódź ina theluji ya kijivu,
na mimi nina unga bado kwenye kucha.
Nimeoka tangu saa tisa usiku, mikate mia mbili na arobaini.
Mwili unadai kitanda. Naupandisha ngazi
za kinu cha zamani cha kusokota pamba,
ghorofa ya tatu, mlango usio na kengele.

Mara ya kwanza nilibisha kama mwenye deni.
Maneno nilikuwa nimeyapanga: nimekuja kuulizia tu,
nina miaka hamsini na minne, goti hili halikunjiki,
sijawahi kushika kitu kirefu kuliko beleshi la tanuri.
Halszka alitazama viatu vyangu, akasema, "Hivyo vinafaa,"
akanitia mkononi upanga butu,
mrefu wa kunifika kifuani,
mwepesi kuliko nilivyoogopa.
"Hilo beleshi, unalishikaje?"
Nikamwonyesha.
"Basi nusu ya kazi umeifanya miaka thelathini."

Mwalimu wa Halszka alikufa karne sita zilizopita.
Kurasa zake zimebandikwa ukutani kwa utepe:
wanaume wa soksi za kubana wakidungana vifuani,
nyuso zimetulia kana kwamba wanasubiri supu.
"Piga hatua," kinasema kitabu. Hakisemi mguu upi.
Seweryn, karani wa kodi, anashikilia ni wa kushoto;
Gniewko wa chuo kikuu anaapa ni wa kulia.
Nusu saa nzima. Kisha wakajaribu yote mawili
na wote wawili wakaanguka.

Kuna mikao minne. Fahali, pembe yake shavuni.
Plau, ncha ikilima hewa. Dari, upanga begani kama ukuni.
Na Mjinga: ncha chini, kifua wazi,
uso wa mtu aliyesahau alichofuata sokoni.
Huo niliupata siku hiyo hiyo.
Gniewko akaniona niko wazi, akaja kwa pupa;
ncha yangu ikapanda, nusu yake bahati,
ikamgota kooni, chini ya barakoa ya waya.
Mjinga akierevuka, wanasema.
Mimi sikuerevuka. Niliomba radhi mara nne.

Kwani hapa aliyepigwa ndiye anayesema.
Anainua mkono: "Bega." "Kidole gumba."
"Kooni, safi kabisa, asante."
Hakuna refa. Mpigaji hadai kitu.
Nilikulia nyumba ambayo aliyepigwa alinyamaza
na mpigaji ndiye aliyesimulia.
Ilinichukua wiki tatu kuinua mkono huu
na kusema, "Hapa."

Juzi tulifika ukurasa wa mtu aliyevikwa chuma mwili mzima.
Huyo hakatiki. Inabidi uushike upanga wako katikati,
penye makali penyewe.
Mkono ukagoma. Maisha yote nimesikia
mshika makali hana lake:
mwenye mpini akivuta, vidole vinakwenda.
"Kaza," akasema Halszka. "Upanga hukata ukiteleza.
Ukiubana barabara, hauna pa kwenda."
Nikakaza, ndani ya glavu ya kuazima
iliyolainishwa na jasho la watu nisiowajua.
Upanga ukawa mfupi, ukawa mkuki, ukawa mtaimbo,
ukawa, samahani, ndio ukweli, beleshi la tanuri.
Mkono mmoja mpinini, mmoja makalini,
na yote miwili ni yangu.

Baadaye tunafagia. Nafungua mfuko wa mikate iliyobaki,
Seweryn anatafuta kisu, anaukatakata mkate
hadi unafanana na kitu kilichookotwa vitani.
Watu kumi na wawili, panga kumi na mbili,
na hakuna hata mmoja anayejua kukata mkate.
"Lete hapa," nikasema.